Jina Lililokosa Herufi

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa hadi mlangoni, masalkheri.

Leso hii nimeinunua leo asubuhi mtaa wa Biashara. Jina lake sitawasomea. Nyote mwajua kazi ya jina la leso: mtu hujifunga, akapita mbele ya mwenziwe bila kutamka neno, ujumbe ukafika. Au usifike, kama mlengwa siku hiyo hakuweko barazani.

Johannes Brahms, mtunzi wa Kijerumani, alifanya jambo la namna hiyo kwa fidla. Mwaka 1858, akiwa na miaka 25, alimpenda Agathe von Siebold, mwimbaji, binti wa profesa wa Göttingen. Wakavishana pete. Kisha, kwa kumbukumbu ya Agathe mwenyewe, ikamjia barua: nakupenda, lazima nikuone tena, lakini pingu siziwezi. Agathe akavunja uchumba. Simlaumu hata kidogo. Angekuwa binti yangu ningemwambia afanye vivyo hivyo.

Mwaka 1864 Brahms akaanza sekseti yake ya pili, opus 36: fidla mbili, viola mbili, selo mbili. Wajerumani huziita sauti za muziki kwa herufi, na wao wana H, ile tunayoiimba "si". Basi jina likapigika. Sikilizeni, napiga polepole: A, G, A, H, E.

Mmesikia kilichopungua? T haimo. Hakuna sauti iitwayo T. Lakini fidla ikiwa yalia hapo, ala nyingine yashika D, na wengi huisikia kuwa ndiyo T yenyewe, imeingilia mlango wa nyuma. Jina moja, wanaolitaja ni wawili, na hapana hata mmoja anayelitimiza peke yake. Mimi hapo ndipo hunishika koo.

Watu wa taarabu mwanielewa. Mshairi wetu humwita ua, humwita lulu, na mwenyewe akiwa ukumbini hujijua. Agathe hakuweko. Kazi hii ilipigwa hadharani mara ya kwanza Boston, Marekani, Oktoba 1866, bahari nzima ikiwa kati yao.

Sasa namwomba kijana wetu wa selo aje akae hapa karibu yangu. Mimi nitashika jina, yeye ashike ile D.