Spea Haina Upepo

BARAKA: Karibuni tena. Leo nina mambo matano kuhusu kotabeki wa akiba, yule mrusha mpira wa futiboli ya Kimarekani anayesubiri benchi, nimeyaandika kabisa kwenye karatasi. Lakini kwanza Sauda, waambie watu kilichokukuta Jumanne.

SAUDA: We kaka, acha tu. Pancha, barabara kuu ya I-45, saa nne usiku. Jeki ipo, spana ipo, spea nimeitoa mwenyewe kwenye buti. Nafunga nati zote, nashusha jeki, gari likalala upande. Spea haina upepo!

BARAKA: (anacheka) Uliwahi kuipima?

SAUDA: Miaka sita hata sura yake sikuwa naijua.

BARAKA: Basi hilo ndilo jambo la kwanza. Kotabeki wa akiba mazoezini hapewi muda, muda ni wa anayeanza. Yeye anaigiza kotabeki wa wapinzani ili mabeki wa timu yake wajizoeze. Jumapili mwenzake kaumia, anaambiwa ingia. Upepo autoe wapi?

SAUDA: Ajijaze mwenyewe! Frank Reich, Januari 1993. Jim Kelly anayeanza majeruhi, timu yao Buffalo wamelala 35-3 mbele ya Oilers, waliokuwa timu ya hapa kwetu Houston, Reich kaingia, wakashinda 41-38. Watajie wazee wa hapa uone watakavyonuna.

BARAKA: Sawa. Jambo la pili, spea nzuri ijue kurudi kwenye buti. Timu ya Miami 1972, kotabeki wao Bob Griese kavunjika mguu, anaingia Earl Morrall wa akiba, miaka 38. Hawapotezi mechi. Fainali ya AFC, ile ya kufuzu fainali kuu, kipindi cha pili, kocha Don Shula anamrudisha Griese. Timu ikamaliza msimu 17-0, ushindi kumi na saba bila kupoteza.

SAUDA: Hapo ndipo sikubaliani na wewe. Morrall alidhulumiwa.

BARAKA: Spea imeandikwa ubavuni, Sauda! Usizidi maili 50 kwa saa. Fika kwa fundi, itoe.

SAUDA: Na Tom Brady, akiba wa New England? 2001, Bledsoe aliyekuwa anaanza kapona, kakuta namba imeshapokonywa.

BARAKA: Brady hakuwa spea. Lilikuwa tairi jipya.

SAUDA: Lilikuwa limekaa wapi?

BARAKA: ...

SAUDA: Kwenye buti, kaka! Wa 199 kwenye drafti, timu zinapochagua wachezaji wapya!

BARAKA: Haya, Nick Foles, akiba wa Philadelphia Eagles. Februari 2018 anaipa Eagles ubingwa, mchezaji bora wa Super Bowl, fainali kuu yenyewe. Carson Wentz, kotabeki wa kuanza, alipopona, Foles akarudi kusugua benchi bila kuvuruga timu. Huyo ndiye.

SAUDA: Huyo ndiye walimkosea. Akiba asiyetaka namba ya mtu, siku ya kuitwa ataingia anatetemeka.

BARAKA: Anayeitaka sana atavuruga chumba kizima. Sikubali.

SAUDA: Wala mimi.

BARAKA: Tumebakiwa na dakika ngapi? Mbili? Na mambo matatu sijayagusa!

SAUDA: Yaweke kwenye buti.

BARAKA: Sauda. Hiyo spea umeijaza upepo?

SAUDA: ...Jumamosi.

BARAKA: Leo Jumapili.

SAUDA: Zima maiki.