Mnaoniuliza kama nina furaha huku Tampere, Finland

Mwangaluka watu wangu wa Mwanza, na nyie mnaotazama kutoka kwingine. Leo sikupanga kurekodi. Nimetoka zamu ya usiku, macho mazito kama mnavyoniona, lakini lile swali limerudi tena. Safari hii ameandika mdogo wangu mmoja wa Buswelu: "Dada, Finland wanasema ndiyo nchi yenye furaha kuliko zote. Wewe unayo?" Mwaka mzima nimelikwepa. Nikisema ninayo, mtasema najishaua. Nikisema sina, mtasema si urudi uwaachie wenzio nafasi. Leo nalijibu, na atakayesema na aseme.

Kwanza hiyo namba moja. Ni kweli, kwenye Ripoti ya Furaha Duniani wanaongoza tangu 2018. Ila angalieni wanavyopima: mtu anaambiwa afikirie ngazi, chini kabisa ni 0 na juu 10, aseme maisha yake yamesimama kidato cha ngapi. Hakuna anayeulizwa jana umecheka mara ngapi. Mtu wa huku anajua akiugua atatibiwa na nyumba haitauzwa, basi anajiweka juu, halafu anapanda basi kimya na anashuka kimya. Mimi nilikuja nikidhani furaha itanipokea uwanja wa ndege.

Yakanipokea makaratasi. Baridi siisemi, mnaijua. Benki niliyokwenda ilikataa kunifungulia akaunti mpaka nipate namba ya utambulisho. Na bila namba za siri za benki, mtandao wa ofisi karibu yoyote hauingii, kwa sababu huku benki ndiyo inayothibitisha kwamba wewe ni wewe. Nimezungushwa wiki saba. Kadi ya kodi, ile inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, nayo ikachelewa, na mwajiri asipoipata sheria inamtaka akukate asilimia 60. Sitini! Mshahara wangu wa kwanza wa usafi uliisha sijaushika. Hela ilirudi baadaye, yote, lakini mwezi ule nilikunywa uji wa chumvi, na wiki hiyohiyo kundi la familia linaniandikia: "Mchango wako wa harusi hatujauona, au Ulaya imekubadilisha?"

Hili linalofuata bado linaniuma. Shangazi aliyenilea Igombe, kule kwa wavuvi wa Ziwa Victoria, alifariki kibali changu cha kuishi huku kikiwa kinasubiri kuongezwa muda. Ningetoka, kurudi kungekuwa shida. Nikatuma nilichokuwa nacho. Binamu yangu akanipigia: "Hela haishiki jembe makaburini." Sikumjibu. Nilikaa kwenye ngazi nje ya mlango wangu, nikalia na jaketi la kazi mwilini.

Jirani yangu akanikuta pale, mama wa miaka sabini na kitu. Hakuuliza neno. Jumamosi akagonga, ndoo mbili mkononi, tukaenda ziwani. Tampere imekaa katikati ya maziwa mawili, na la kaskazini, Näsijärvi, wakati wa baridi kali linaganda hadi watu wanatembea juu yake. Akatoboa barafu kwa keekee ndefu ya mkono, tundu kama mdomo wa sufuria ndogo, tukakalia ndoo zetu, kila mtu na kifimbo chake kifupi cha kuvulia. Nilimuuliza mara mbili kama tuna karatasi ya ruhusa. Akacheka. Kuvua hivyo kwa ndoano hakulipiwi wala hakuombewi kibali, awe mwenyeji au mgeni.

Tukapata ahven wanne. Ni samaki mwenye michirizi myeusi ubavuni, mapezi mekundu na miiba mgongoni. Magamba yake yameng'ang'ania, ndiyo maana wengi huku wanamchuna ngozi. Mimi mtoto wa Igombe! Nikamkamata kichwa, nikampara kwa kisu kuanzia mkiani, upande huu, upande ule, nikamtoa matumbo, nikamchanja mbavuni. Yule mama akasogeza kiti, akasema neno moja la Kifini, "Uudestaan." Yaani tena. Nikapara wa pili taratibu ili aone. Miezi yote ile nilikuwa mtu wa kuelekezwa, saini hapa, subiri pale. Siku ile nilikuwa najua kitu mbele ya mwenyeji, na ananisikiliza. Tukawaunga kwa nyanya na vitunguu, nikasonga ugali. Nilipomwambia natoka Mwanza, kumbe anaijua: Mwanza na Tampere ni miji ndugu tangu 1988.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Buswelu, zipo siku ninayo. Desemba, jua likizama saa tisa alasiri, sina. Hayo ni yangu, usiyachukue kama ushauri wa kila mtu. Rafiki yangu yeye furaha aliipata kwenye kwaya ya kanisa, mwingine hakuipata popote, amerudi Nyegezi na sijamsikia akijuta. Kama unakuja kusoma, jua kwamba tangu Novemba 2024 wanataka uonyeshe euro 800 za kujikimu kwa kila mwezi, ada mbali. Tafadhali, kiwanja cha wazazi kisiuzwe kwa sababu ya video zangu.

Nikalale sasa. Jumamosi tunarudi ziwani, barafu bado nene, na kamera nitaifunga kifuani. Mama zangu wa soko la samaki la Mwaloni, angalieni mkono wangu ninavyopara, mniambie kama bado uko sawa.