Ukoga wa Buluu

Ndugu zangu, walionisikia siku nyingine wanajua nitaanza na meno. Kila nikionyesha vitabu vya Ulaya ya zama za kati, vile vya ngozi vilivyonakshiwa kwa dhahabu na rangi, naulizwa vilikuwa vya mfalme gani. Mfalme tumwache! Nani aliinama juu ya ngozi ile?

Dalheim, Ujerumani, palikuwa na nyumba ndogo ya watawa wa kike. Iliungua, hakikubaki kitabu hata kimoja. Ila katika makaburi yake ilipatikana mifupa ya mama mmoja aliyefariki kati ya mwaka 997 na 1162, mtu wa miaka 45 hadi 60. Watafiti walibandua ukoga wa meno yake wajue alikula nini. Walipouyeyusha, vikatoka vipunje vya buluu. Lapisi lazuli! Jiwe la Afghanistan lililosagwa kuwa rangi ya buluu, lililopita mikono ya wafanyabiashara wangapi hadi kufika Ulaya, na bei yake ikishindana na dhahabu. Walipotangaza matokeo mwaka 2019, maelezo waliyoyapa uzito ni haya: alikuwa akilamba brashi ili ncha ichongoke, anachora, analamba tena, miaka nenda miaka rudi.

Atatokea wa kusema labda alifagia tu chumba cha mchoraji. Angekuwa mwanamume, tungesema hivyo? Watafiti walipima pia kama alisaga rangi tu. Haya, tuseme alisaga. Bila msagaji buluu ile ingetoka wapi?

Na hakuwa peke yake. Hispania, mwaka 975, katika kitabu kilichoko hadi leo kanisa kuu la Girona, mwanamke aitwaye Ende ametajwa kuwa mchoraji na msaidizi wa Mungu, na jina lake limetangulia la Emeterius, mwanamume aliyefanya naye kazi. Karne ya 12, Guda wa Ujerumani alijichora ndani ya herufi kubwa ya kitabu, akaandika kwamba yeye, mwanamke mwenye dhambi, ndiye aliyekiandika na kukichora kitabu kile.

Muda umekwisha na waliohifadhi vitabu hivi sijawagusa. Basi mmoja. Husemwa mkusanyo wa Morgan, yule tajiri wa benki, New York. Morgan alitoa fedha. Aliyezunguka akichagua na kununua ni Belle da Costa Greene, aliyeajiriwa mwaka 1905, akaiongoza maktaba hiyo kuanzia 1924 hadi 1948. Babake alikuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha Harvard. Belle mwenyewe aliishi akihesabiwa Mzungu, maana Marekani ile isingemkabidhi Mweusi funguo za hazina hiyo. Kabla ya kufa alichoma karatasi zake binafsi.