Geuka kwa Mwembe Uliokatwa

WANZA: Haya, tuko hewani. Oti, hiyo sauti ni yako kweli?

OTI: Ni ya moshi. Yangu itarudi.

WANZA: Siku ya nne hii.

OTI: Nikikohoa ni kama nimetafuna katoni.

WANZA: Mlioandika kuuliza mbona Jumatano hatukutoka, jibu ndilo hilo. Leo nimekuja na karatasi, mambo 5 ya kufanya moto ukizuka kwenye ploti. Lakini kwanza tupe ya Jumanne.

OTI: Saa tano kasoro usiku. Nimelala, nasikia mabati yanalia. Unajua yanavyolia yakipata joto, ko, ko, ko. Nikadhani ni paka. Kutoka nje, laini ya nyuma yetu nyumba mbili zinawaka, ya tatu inafuka.

WANZA: Ilianzia wapi?

OTI: Wengine wanasema waya wa sambaza, ile stima ya kuunganishiwa kienyeji, wengine wanasema koroboi. Tuliache hapo, maana kila chanzo kina mwenyewe na mwenyewe ana jamaa. Nikapiga simu. Namba gani, ya nani, sitasema. Ikapokelewa upesi, hapo sina neno. Naulizwa, "Uko wapi?" Nikasema Mukuru, mtaa wetu hapa Nairobi. "Mukuru ipi, barabara gani, jengo gani?"

WANZA: Ukasema nini?

OTI: Nikasema ukitoka lami, ingia murram, nenda mpaka kwa mwembe, kata kushoto.

WANZA: Oti.

OTI: Akaniuliza vizuri tu, "Mwembe uko upande gani?" Nikamwambia ulikatwa.

WANZA: [anacheka] Umemwelekeza mtu kwa mti ambao haupo, usiku, stima zimepotea!

OTI: Sasa ningesema nini? Kila mtu anasema kwa mwembe! Makanga anaita kwa mwembe, wa maji anashukisha mitungi kwa mwembe.

WANZA: Umewahi kula embe la hapo?

OTI: Mimi nilihamia 2016, ulikuwa umeshakatwa.

WANZA: Mimi nimemuuliza mama wa mboga wa pale, yeye ni mwenyeji. Anasema haukuwa mwembe. Ulikuwa mti wa avokado.

OTI: Acha!

WANZA: Wallahi. Hapo hapakuwahi kuwa na mwembe.

OTI: Kwa hiyo hata mti wenyewe ni wa uongo.

WANZA: Nairobi yote iko hivyo lakini. Odeon unashukia, sinema iko? Kenya Cinema je? Globe? Tunashuka kwenye sinema siku nzima na hakuna picha hata moja.

OTI: Na pale Tom Mboya Street. "Faya steshen, faya steshen, mwisho wa gari." Mara ngapi umeshuka pale?

WANZA: Mara elfu.

OTI: Umewahi kufikiri kuwa ni kituo cha zimamoto?

WANZA: [kimya] Kwangu mimi ni mahali pa kuteremka.

OTI: Nenda utazame. Milango mikubwa, magari mekundu ndani, na nje pale makanga wanagombania abiria.

WANZA: Turudi kwa moto, jaduong'. Gari lilikuja?

OTI: Lilikuja. Dakika 50 hivi. Lakini usihesabu vibaya, si kwamba lilikuwa barabarani dakika 50. Tulimtuma kijana wa bodaboda akalipokee kwa lami. Akangoja. Kumbe wao wameingia upande wa pili, wakauliza "kwa mwembe" wakaonyeshwa.

WANZA: Mwembe gani tena?

OTI: Mwembe! Wa kweli! Una majani! Uko kwa uwanja wa kanisa, kilomita moja kutoka kwetu.

WANZA: Mungu wangu.

OTI: Wakati wanazungukazunguka, sisi tulikuwa tumeunda mstari wa ndoo. Maji ya mitungi yakaisha mara moja. Ikabaki kukata moto.

WANZA: Eleza kwa asiyejua.

OTI: Nyumba zetu zimeshikana, ukuta wangu ndio ukuta wako. Ndani ni katoni na magodoro, hivyo moto hausumbuki, unapita tu. Unaenda mbele yake, unabomoa nyumba ambayo haijawaka, moto ukifika pale ukose cha kula. Tulibomoa tatu. Moja ya fundi wa viatu, jirani yangu wa kona. Yeye alikuwa kazini usiku, anashonea mtu huko mjini. Na tulitumia nyundo yake mwenyewe, ndiyo ilikuwa karibu.

WANZA: Na ulisimama?

OTI: Ulisimama palepale kwake. Hakufa mtu. Gari likaja, likakwama kwenye murram pale njia inapobana, paipu ikavutwa, ikaishia kama nyumba kumi kabla ya moto. Wale vijana wa zimamoto wakashuka wakaingia na majembe, siwezi kuwalaumu. Asubuhi fundi wa viatu ananiuliza, "Oti, nyumba yangu iliungua?" Nikasema hapana. "Sasa mbona sina nyumba?"

WANZA: Ukamjibu nini?

OTI: Mpaka leo sijamjibu. Ndiyo maana mimi nasema, na najua utakasirika, njia ipanuliwe. Hata ukijenga kituo pale steji, gari halifiki mlangoni. Na hata likifika bila haidranti yenye maji, ile bomba ya kujazia magari ya zimamoto, piga hesabu: tuseme tangi ni la lita 5,000, paipu moja inatoa lita 500 kwa dakika. Dakika 10 limekauka, na watu washaokota mawe kusema limekuja tupu. Lazima litoke likajaze lirudi. Litatokea wapi?

WANZA: Nani atabomolewa?

OTI: Wale wa kando ya njia.

WANZA: Wataje.

OTI: Wanza...

WANZA: Mimi Novemba 2021 nilikuwa Mukuru kwa Njenga, wakati wa bomoabomoa. Tuliambiwa ni barabara. Maelfu ya watu, Oti. Nililala na mtoto juu ya vifusi vya nyumba yangu, nimezungushia nailoni, ili nisipoteze kiwanja. Mvua ikinyesha. Barabara iko, nzuri, inapitika. Mimi siko.

OTI: Lakini leo moto ukizuka kando ya barabara ile, gari linaingia.

WANZA: Kumwokoa nani?

OTI: Waliobaki.

WANZA: Basi hilo ndilo jibu mpelekee fundi wa viatu. Mwambie nyumba yake ilibomolewa kwa ajili ya waliobaki.

OTI: Si haki kuniambia hivyo. Mimi nilikuwa na dakika mbili za kuamua.

WANZA: Nami nilipewa ngapi?

OTI: [kimya] Kuna njia ya katikati. 2017 Mukuru ilitangazwa eneo maalum la upangaji, si watu walikaa? Kaya 10, 10, kundi kwa kundi, zaidi ya kaya 100,000. Wakajadili hata upana wa njia, isiwe ya vitabuni ya kufagia watu.

WANZA: Nilikaa kwenye kundi hilo. Chai nilinywa. Miaka minne baadaye zikaja tingatinga, na hazikuuliza kundi langu ni lipi.

OTI: Kwa hiyo tuache njia ya mkokoteni mpaka lini?

WANZA: Mpaka mtu aje na ufunguo wa nyumba nyingine mkononi, si karatasi. Kabla ya hapo, nitabeba ndoo.

OTI: Ndoo ziliisha, nimekuambia.

WANZA: Nimesikia.

OTI: Kwenye ule moto wa mtaa wa Sinai 2011 ungebeba ndoo? Petroli imeshuka na mtaro, zaidi ya watu 100 wakafa. Ukimwagia petroli maji unaisambaza.

WANZA: Na gari lingefanya nini Sinai? Pale kilichokosewa ni kwamba watu waliachwa wakae juu ya bomba la mafuta.

OTI: Waondolewe, sivyo?

WANZA: Usinitege.

OTI: Sikutegi, nauliza.

WANZA: Na mimi nakataa kujibu... Nani anagonga?

OTI: Kwaya. Saa yao imefika.

WANZA: Tayari? Na karatasi yangu! Haya, upesi. Jambo la kwanza: zima stima kwa swichi kubwa, na kama mtungi wa gesi unafikika bila kujichoma, funga valvu. Jambo la pili...

OTI: Wameingia na ngoma, Wanza.

WANZA: La pili, usirudi ndani kuchukua televisheni. La tatu...

OTI: Simu yangu hiyo. Ah. Ni yeye.

WANZA: Nani?

OTI: Fundi wa viatu.

WANZA: Pokea.

OTI: Tuko hewani.

WANZA: Pokea, Oti!

OTI: Haloo... Eeh... Eeh, ninayo... Sawa, nakuletea. [kimya] Anataka nyundo yake.