Ndege Huyu, Ndege Hii
(Mazungumzo ya mhariri wakati wa kuzindua toleo la kwanza la jarida la usafiri wa anga, Kisumu)

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliojibanza kule mlangoni, hamjambo? Karibuni mbele, viti vipo.

Nianze na jalada, maana naona mnaligeuzageuza. Nilimwandikia mchoraji ujumbe mfupi: "Ndege juu ya ziwa." Akaniletea korongo. Korongo mzuri kweli, shingo ameikunja. Kosa lilikuwa langu. Bila kitenzi, Kiswahili hakiwezi kukwambia kama ni ndege huyu au ndege hii. Sikumtupa, lakini. Yuko ndani, kwenye makala kuhusu ndege hawa na ndege hizi kugongana. Mnajua uwanja wetu wa ndege uko jirani na Usoma, ufuo wa wavuvi. Palipo na samaki wanaoanikwa, mwewe na korongo hawakosi, na mwewe mmoja akivutwa ndani ya injini wakati ndege inapaa, anaweza kuyavunja mapanga yake.

Sasa, kuna walioniuliza: kwa nini Kiswahili? Mambo ya ndege si ya Kiingereza? Redioni, rubani na mnara wazungumze Kiingereza, sina ugomvi. Pale usalama unataka lugha ya pamoja. Ila hebu lisikilizeni hilo neno rubani. Kabla ya ndege kuwepo, rubani alikuwa mtu wa bahari, yule anayeujua mwamba ulipo na kukiingiza chombo bandarini. Usukani, shehena na abiria vilikuwa chomboni kabla ya kupanda angani. Lugha yetu haikungoja ndege ili itafute maneno. Ilikuwa nayo tayari, ikayapandisha tu.

Na hapa Kisumu ndipo mlipo ushahidi. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari za kutoka London hadi Mwanza, chombo kilichofika hapa kilikuwa ndege yenye tumbo la mashua. Ilitua majini, ikafungwa kama chombo kingine chochote. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town, na abiria wa kusini wakawa wanashukia hapa na kupanda ndege ya magurudumu.

Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapopapenda. Mtu hudhani maji yaliyotulia ndiyo mazuri kwa ndege kama ile. Sivyo. Ziwa likiwa shwari kama kioo, maji hung'ang'ania tumbo la ndege, haitaki kubanduka. Kutua nako ni balaa: rubani akitazama chini anaona mawingu, hajui uso wa maji uko wapi, kama ni hatua tatu au thelathini. Dawa yake ilikuwa kupitisha mashua ya injini ikoroge maji, viwimbi vitokee, jicho lipate pa kushika. Mvuvi yeyote wa Dunga ukimweleza hilo mara moja tu, ameelewa.

Kuhusu uwanja wa ndege wa Eldoret nitasema upesi, mengine mtasoma. Kule ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, bawa linapata kidogo cha kuegemea, na injini nayo inapumua kwa shida. Ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, hasa jua likiwa kali. Ndiyo maana ile njia ya kurukia ina urefu wa kilomita tatu na nusu.

Namalizia na barua. Mzee mmoja mvuvi alituuliza: mbona asubuhi ndege nyingi hutua zikitokea ziwani, na alasiri zinatokea upande wa nchi kavu? Ameliona hilo miaka mingi akiwa ndani ya mashua. Jibu analo mwenyewe kwenye tanga lake. Ndege hutua zikiukabili upepo. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ule ambao mabaharia wa Pwani huuita umande. Jua likishapasha ardhi, unageuka. Upepo uleule unaompeleka kuvua alfajiri ndio unaoigeuza ndege.

Barua yake ndiyo ya kwanza tuliyochapa. Hakutaka jina lake litoke. Alitaka nakala mbili, moja ya kusoma, nyingine ya kumwonyesha shemeji yake waliyebishana naye.