Jani Ndilo Jiko: Mazungumzo na Wanafunzi wa Ujiji

Walimu, shikamooni. Wanangu, hamjambo?

Nimekuja na kuti la mchikichi na tawi la mwembe. Miti yote miwili mnaiona kila siku hapa Ujiji, basi tuanze nayo.

Inueni jani la mwembe juani. Mishipa yake imetandaa kama wavu wa dagaa. Kwenye kuti, mishipa inakwenda sambamba, kama ya jani la muhindi. Tofauti hiyo inaanzia kwenye mbegu: mchikichi, muhindi na mgomba huota na jani la mbegu moja, mwembe na maharage huota na mawili. Hata chini ardhini haifanani. Mwembe una mzizi mkuu unaozama, mchikichi una mizizi mingi inayotoka kwenye kitako cha shina. Yote hushika mti na kunyonya maji na chumvichumvi; shina huyapandisha juu.

Kwenye jani tukae kidogo. Jani ndilo jiko la mmea. Maji yanatoka mizizini, hewa ya kabonidayoksaidi inaingia kwa vitundu ambavyo jicho halivioni, jua linatoa nguvu, na ule ukijani, klorofili, ndio unaoinasa. Kinachopikwa ni sukari. Mawese mnayoungia maharage nyumbani yalianza kama sukari hiyo, ndani ya kuti.

Tazameni hapa, kwapani mwa kuti. Kila kwapa huchipua shada moja la maua, la kiume au la kike. La kike ndilo linalokuwa mkungu: nyama ya chikichi hutoa mawese, kokwa ndani hutoa mise, yaani mafuta ya kokwa. Wadudu wadogo na upepo hupeleka chavua. Sasa mtu akikata makuti mabichi mengi ajengee uzio, mti unakosa chakula, na mashada ya kiume huzidi. Hayo hayazai chikichi. Mimi huumia sana nikiuona mchikichi umenyolewa hivyo. Kateni yaliyokauka.

Tena kuna kilele. Mwembe ukikatwa juu huchipua matawi mapya. Mchikichi una ncha moja tu ya kukulia, imejificha katikati ya makuti machanga. Ikikatwa, mti mzima umekufa.

Haya, nani ameleta harage lililolowekwa tangu jana? Menya ganda taratibu, mwanangu, halafu lipasue kwa kucha. Wengine sogeeni mwone kimmea kilicholala katikati.