Gari Linapozimika Njiani, Usianze na Spana

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Mfanyabiashara mmoja wa samaki wa Mikindani aliniletea pikapu yake ya petroli. Ilikuwa ikizimika njiani, ikipumzika inawaka. Nikamsikiliza dakika mbili tu, nikasema: pampu ya mafuta. Nikashusha tanki, nikafunga pampu mpya, akalipa. Wiki ya pili akarudi akivutwa kwa kamba, na samaki wake wameoza. Jambo lile linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza nanyi.

Ningemuuliza kwanza: linazimika lini, na linazimikaje? Injini ya petroli inataka mafuta, hewa na moto wa plagi, kila kimoja kwa wakati wake. Kinachokosekana huacha dalili yake. Likikata ghafla kama mtu kazima swichi, shuku umeme. Likianza kukohoa, kuvuta na kuachia, nguvu zikipungua kidogo kidogo ndipo lizime, shuku mafuta. Linalopanda Newala na mzigo likazima mlimani, kisha kwenye tambarare likatembea vizuri, lifungulie filta ya mafuta kabla ya kitu kingine, maana mlimani ndipo injini inapodai mafuta mengi.

Linalozima kwenye sailensa tu, yaani injini ikinguruma polepole ukiwa umeachia pedeli ya mafuta, mara nyingi ni suala la hewa. Mzunguko wa kawaida wa sailensa, injini ikiwa na joto, ni kama raundi 600 hadi 800 kwa dakika. Fungua mpira wa hewa utazame throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini: masizi meusi yakijaa ukingoni, hewa haipiti. Isafishe kwa dawa yake. Kisha kagua mipira yote inayotoka kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye injini, kwani hata ufa mdogo huingiza hewa ambayo kompyuta ya gari haikuihesabu. Nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio, mbali na waya na koili. Mngurumo ukibadilika, umepata. Tafadhali vijana, usinyunyize petroli. Injini ya moto itakuunguza.

Linalozima likipata moto ndilo linalosumbua mafundi wengi, kwa sababu likifika gereji limeshapoa na linawaka. Hapo usiwe na haraka. Liache lingurume mpaka lizime mbele yako, halafu upime papo hapo. Washa swichi usikie pampu inalia au hailii. Piga stata ukitazama mshale wa mzunguko wa injini kwenye dashibodi: usipotikisika kabisa, sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, iko kwenye orodha yako. Sensa hii ikichakaa hukatika ndani kwa joto na kurudi ikipoa. Mashine ya kupimia ikisoma namba ya hitilafu P0335 imekuonyesha sakiti, yaani njia ya umeme, ya sensa hiyo, lakini waya wake nao umo ndani ya sakiti. Mashine haikuambii ununue nini.

Mfuniko wa tanki nao ujaribuni, ni kazi ya sekunde moja. Gari likizima, ulegeze. Ukisikia tanki linavuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba.

Sasa turudi kwenye pikapu. Mara ya pili niliacha spana, nikachukua mita ya umeme. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa athi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi, injini ikinguruma. Hapo mita isingepaswa kuzidi volti 0.2. Ilisoma zaidi ya 2, maana yake umeme ulikuwa unapotelea njiani. Athi ile ilikuwa imefungwa kwenye chesisi chini ya bodi, mahali maji ya barafu na chumvi ya samaki yalipokuwa yakidondokea kila siku. Bati limekula kutu, waya umekuwa kijani. Nilipobadilisha pampu niliutikisa, ukashika siku chache, ndiyo maana nikadanganyika. Pampu yake ya zamani ilikuwa nzima kabisa.

Nilimrudishia fedha ya kazi, nikakwangua bati mpaka liking'ae, nikafunga athi mpya, nikaipaka grisi. Waya wenyewe huu hapa, upitisheni mkono kwa mkono mpaka nyuma. Ukunjeni taratibu karibu na kichwa chake. Mtasikia nyuzi za ndani zikivunjika.